Majuma Sita ya Kuwa Marehemu

Lodwar, Jumatatu, 17 Machi 2025

Naanza daftari hili kwa sababu nimeagizwa na daktari. Anataka niandike kila siku idadi ya mambo ambayo mke wangu ameyaanza na idadi ya yale aliyoyamaliza. Nilimwambia kwamba nitaandika, lakini kwa sentensi kamili, wala sitatia alama za vema katika visanduku vyake. Alicheka. Mimi sikuwa nikitania.

Kwa ajili ya atakayelisoma: jina langu ni Ereng. Nilifundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne kisha nikastaafu. Mke wangu ni Abei. Mwezi wa Septemba mwaka jana alipatwa na kiharusi kidogo. Miguu ilirudi, ulimi ukarudi. Hakijarudi kile kinachomwezesha mtu kushika jambo moja mpaka mwisho wake. Mbuzi akilia, Abei huondoka. Akiitwa, huondoka. Chochote kinachogusa sikio lake humchukua, na alichokuwa nacho mkononi hubaki pale kilipo.

Tarehe 9 Februari kilichobaki pale kilikuwa sufuria yenye mafuta. Mwanamke wa samaki alipita akinadi, Abei akamfuata hadi barabarani, na jiko letu likateketea lote. Cheche zilishika paa la jirani, paa la majani ya mkoma lililokauka kwa miezi. Hakuna aliyeumia. Binti yetu Nakaale alikuja kutoka Kakuma siku ya pili, akasimama kwenye majivu, akasema: "Baba, mvua zijazo zikiisha kama Mama bado yuko hivi, mimi ninamchukua. Atakaa kwangu. Kuna msichana wa kupika. Hatashika moto tena."

Abei alikuwa amesimama karibu. Alisema, "Basi mnizike kwanza."

Leo ameanza mambo tisa. Amemaliza mawili.

18 Machi

Mambo saba. Limekwisha moja. Joto.

19 Machi

Tulikwenda kliniki ya utafiti. Ni majengo mawili ya mabati nyuma ya uwanja, na jenereta inayopiga kelele kuliko wagonjwa wote. Daktari anaitwa Yar. Ni msichana wa Kidinka aliyelelewa kambini Kakuma na kusomea udaktari Eldoret. Kiswahili chake kinaniumiza. "Mzee, hii mashine iko na sumaku, inagongagonga kichwa kidogo lakini haiumangi."

Nieleze kwa maneno yangu. Ni koili ya nyaya iliyofungwa ndani ya plastiki, yenye umbo la tarakimu nane, inayoshikwa juu ya kichwa bila kukikata wala kukichoma. Umeme ukipita humo kwa ghafla huzaa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo hupenya mfupa na kuziamsha seli za ubongo zilizo chini yake. Mahali panapolengwa pako mbele, upande wa kushoto, juu ya paji la uso. Yar anasema hapo ndipo mtu anapoushikia mkono wake mwenyewe na kuuambia ungoje. Pakiamshwa kila siku kwa majuma sita, baadhi ya watu hurudisha umakini kwa kiasi fulani. Wengine hawabadiliki hata kidogo.

Nilimwuliza ni wangapi upande huu na ni wangapi upande ule.

"Hiyo ndiyo tunatafuta, Mzee. Kama tungejua, hatungekuwa hapa na jenereta."

Jibu hilo nililiheshimu, ingawa alilitoa huku akitafuna kitu.

21 Machi

Siku mbaya. Leo walimpima umakini kabla ya matibabu, kwa kompyuta. Picha ya mbuzi ikitokea, mtu abonyeze kitufe. Picha ya kondoo ikitokea, asibonyeze. Picha mia tatu, moja kila baada ya sekunde chache. Mbuzi ni wengi na kondoo ni wachache, hivyo mkono huzoea kubonyeza na kazi yote ni kuuzuia. Mtoto wa chekechea angeelewa.

Abei alibonyeza vizuri kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha akaweka mikono mapajani, akawa anatazama tu. Mbuzi akaja, akapita. Mwingine akaja, akapita. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake.

"Abei, huyo ni mbuzi. Bonyeza!"

"Nimemwona."

"Hawataki umwone. Wanataka ubonyeze."

"Baba Nakaale, nimesema nimemwona."

Yar akaniomba nitoke nje. Sikutoka. Niliwaambia wote waliokuwamo, na walikuwa watu watano pamoja na fundi wa jenereta: "Mnaona wenyewe. Huyu amekwisha."

Abei aligeuka akanitazama, kisha akairudia kompyuta na kuendelea kukaa kimya mbele ya mbuzi wanaopita. Amepata alama za chini kuliko mgonjwa yeyote waliyempima hadi sasa.

22 Machi

Hajasema nami tangu jana. Ameanza mambo sita na kuyamaliza yote sita. Huenda hasira inamsaidia.

24 Machi

Yar alinipa fomu ya ridhaa, kurasa nane kwa Kiswahili. Nilikaa nayo asubuhi nzima na kalamu nyekundu. Makosa arobaini na moja. Nilimrudishia nikamwambia kwamba mtu hawezi kuridhia jambo lililoandikwa hivi. Alishukuru, na alionekana kushukuru kweli. Baadaye msaidizi wake alimsomea Abei fomu hiyo kwa Kiturkana kwa muda mrefu, nami nilikuwa nje nikipata hewa. Abei alitia dole gumba. Mimi nilitia sahihi kama shahidi.

Tukadhani tumemaliza. Ndipo Yar akanyoosha kidole shingoni mwa Abei. "Hiyo itabidi itoke, Mama. Shanga ni sawa. Chuma hapana."

25 Machi

Niandike habari ya pete, kwa kuwa Yar hakuielewa na leo ameniuliza mara mbili.

Ni pete ya alumini, nene kama kidole cha mtoto, ambayo mhunzi aliikunja shingoni mwa Abei mwaka 1979, siku nilipochinja ng'ombe dume kwa baba yake. Haivuliwi asubuhi na kuvaliwa jioni. Ukiikunjua na kuikunja mara mbili tatu, inakatika. Mwanamke huivua mumewe akifa. Hakuna sababu nyingine.

Mimi nilisomeshwa na mapadri tangu nikiwa na miaka saba. Kwangu pete hiyo ni alumini. Nilimwambia Abei hivyo.

"Kwa hiyo nikiivua, wewe utakuwa umekufa au hutakuwa?"

"Nitakuwa mzima, nimeketi hapa."

"Basi nitakuwa mwongo kila nikipita sokoni."

Nimejaribu kumweleza mara tatu. Kila mara, katikati ya maelezo, ameondoka kwa sababu ya kuku.

28 Machi

Amekuja Adome. Adome ni kaka mkubwa wa Abei, mchungaji wa upande wa Lokichar. Hajui kusoma, na jambo hilo halijawahi kumzuia kuniona mimi kuwa ndiye mjinga. Alifika saa nne na kigoda chake mkononi, akaketi kivulini.

"Ejok, shemeji."

"Ejok."

"Nasikia unataka kumfanya dada yangu mjane na wewe bado unatembea."

"Nataka atibiwe. Pete ni madini, Adome. Haina uhai wala mauti."

"Basi vua suruali uende sokoni. Ni kitambaa tu."

Wanawake walicheka nyuma ya uzio. Nilingoja wamalize. Kisha nikamweleza Adome habari za sumaku, jiko na tishio la Nakaale. Alisikiliza vizuri, lazima nikiri. Aliuliza kama sumaku hiyo humvuta mtu nywele. Aliuliza kama Abei anaitaka. Abei mwenyewe akajibu kutoka mlangoni: "Nautaka moto wangu. Kama sumaku ndiyo njia, naitaka sumaku."

Adome akakigeuza kigoda chake kikanielekea. Kisha akasema, "Pete itatoka. Ikitoka, wewe umekufa."

"Kwa siku ngapi?"

"Sumaku ni siku ngapi?"

"Thelathini, za kazi tu. Majuma sita na kitu."

"Basi umekufa majuma sita na kitu. Utaondoka Lodwar. Hutalala humu, hutapita hapa, hutasema naye. Mashine ikimaliza, utakuja kama mtu mgeni, utabisha hodi. Akikukaribisha, pete inarudi shingoni."

"Na asiponikaribisha?"

Adome aliinama. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Nilimwambia kwamba desturi hiyo haipo, kwamba ameitunga sasa hivi akiwa ameketi juu ya kigoda.

"Kweli haikuwapo," akasema. "Sumaku nayo haikuwapo."

Nikamgeukia Abei nikitumaini kwamba atapinga upuuzi huu. Alisema, "Hiyo ni sawa." Alisema upesi mno, kwa maoni yangu.

Mtu wa miaka sabini na mmoja, mwenye cheti cha ualimu, anafukuzwa nyumbani kwake na shemeji asiyejua kuandika jina lake. Nimepanga nguo. Adome atakaa hapa kumwangalia dada yake na kumpeleka kliniki.

Kakuma, 31 Machi

Nipo kwa Nakaale. Ana vyumba vitatu karibu na barabara kuu. Nimepewa cha katikati, ambacho kina cherehani na magunia. Leo pete imetolewa na sumaku imeanza. Mimi sikuwapo. Nilisahihisha ubao wa tangazo wa duka la jirani kwa kukosa kazi nyingine, na mwenye duka hakufurahi.

1 Aprili

Habari zangu zimenitangulia. Mpangaji wa chumba cha mwisho ni Makur, mzee wa Kidinka, fundi wa viatu, aliyefika hapa na wakimbizi wa kwanza mwaka 1992. Asubuhi aliniletea kikombe cha chai mlangoni.

"Karibu, Marehemu. Huko mbinguni joto iko kama hapa?"

Nilimwambia kwamba sioni la kuchekesha. Alisema yeye aliwahi kuandikwa amekufa kwenye orodha ya mgawo wa chakula kwa miezi minne, na kwamba mtu huzoea.

2 Aprili

Nimempigia Abei simu. Alipokea, akanisikiliza nikisema habari ya asubuhi, kisha akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye: "Simu hii imeharibika. Inaleta sauti za wafu." Akakata.

4 Aprili

Yar amepiga, kwa kuwa ndivyo tulivyopatana, kila Ijumaa. Vikao vitano vimekwisha. Siku ya kwanza walitafuta kiasi cha nguvu kinachomfaa. Waliigusisha koili sehemu inayoongoza mkono, na kidole gumba cha Abei kikaruka chenyewe. Anasema Abei alikitazama kidole kile akakiambia, "Nani amekutuma?" Kichwa kilimwuma Jumatano, kikapoa. Sauti ya mashine ni kama kigogota juu ya mti, na wamemziba masikio.

Niliuliza kama kuna mabadiliko. "Mapema, Mzee."

7 Aprili

Manyunyu. Hakuna jambo.

8 Aprili

Nakaale amenunua kitanda. Kimewekwa katika chumba changu, upande wa cherehani. Nilimwuliza ni cha nani. "Cha Mama," alisema. "Baba, lazima mtu ajipange." Nikamwambia mvua haijaanza hata kunyesha sawasawa. Akasema itanyesha.

10 Aprili

Naandika kwa hasira.

Leo nilimpigia Yar mwenyewe, ingawa si Ijumaa, kumwuliza kama vikao tisa vinatosha kuonyesha dalili. Akaanza kujibu: "Unajua, Mwalimu, hata mimi sijui kama yeye yuko kwa kikundi gani."

"Kikundi gani, vipi?"

"Cha sumaku ama cha kuigiza."

Nikamtaka aeleze. Akaeleza. Nusu ya wagonjwa wanawekewa koili ya kweli. Nusu wanawekewa koili inayofanana nayo kwa sura na mlio, lakini haina nguvu ya kupenya chochote. Mgonjwa hajui, mshika koili hajui, daktari hajui. Majina yamefungwa kwenye bahasha huko Nairobi mpaka Septemba. Vinginevyo, anasema, mtu huona mabadiliko kwa sababu anayataka.

Kwa hiyo kuna nafasi moja kati ya mbili kwamba nimekufa kwa ajili ya kipande cha plastiki kinachopiga kelele.

Nilimwambia Yar kwamba ametudanganya. Nilisema maneno mengine pia ambayo sitayaandika. Alingoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mwalimu, iko kwa fomu. Ukurasa wa tano, kichwa cha habari kizima. Ni wewe ulisahihisha."

Nilisema haiwezekani.

"Nikutumie picha?"

Alituma. Ni ukurasa wa tano. Una alama zangu saba nyekundu. Nimerekebisha koma katika sentensi ileile inayosema kwamba nusu ya washiriki watapewa matibabu yasiyo ya kweli. Nilipita juu yake kwa kalamu, neno baada ya neno, na sikuisoma.

Nikampigia tena. Nilimwuliza kama Abei anajua.

"Mama alijua. Aliuliza maswali mawili juu ya hiyo ukurasa. Aliuliza kama wale wa kuigiza watapewa ya kweli baadaye, nikamwambia ndiyo, baada ya Septemba. Halafu akauliza kama unajua. Nikasema umesoma mwenyewe."

Abei, asiyeweza kungoja uji uchemke, alikaa akasikiliza kurasa nane.

11 Aprili

Sina la kuandika.

14 Aprili

Mvua kubwa jana na leo. Laga, ule mto wa mchanga ulio mkavu wakati wa kiangazi, inapita maji ya rangi ya matofali. Makur ameweka turubai juu ya viatu vyake na kukaa chini yake kama kuku. Ananiuliza kila asubuhi, "Marehemu, umefufuka?" na kila asubuhi namjibu kwamba bado.

20 Aprili, Pasaka

Misa. Padri alihubiri juu ya ufufuo. Makur, ambaye si wa kanisa letu, alikuja makusudi na kuketi karibu nami ili aniguse kwa kiwiko kila neno hilo lilipotajwa.

24 Aprili

Leo nimejifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua miaka arobaini na sita iliyopita.

Yar alikuja Kakuma kuwapima wazee wasio wagonjwa. Anahitaji alama zao ili azilinganishe na za wagonjwa. Aliweka kompyuta katika ukumbi wa kanisa. Tulikuwa wanane. Nilijitolea kuwa wa kwanza, ili wengine waone inavyofanywa.

Mbuzi, nikabonyeza. Mbuzi, mbuzi, mbuzi, nikabonyeza. Kondoo, nikabonyeza. Nilijua ni kondoo. Nilimwona kuwa ni kondoo wakati kidole tayari kiko chini. Ikatokea tena, na tena. Nilimlaumu kondoo, nililaumu kitufe, nilimlaumu Makur aliyekuwa akikohoa. Mwishoni Yar alisoma: nimebonyeza kondoo kumi na wanne.

"Mkono yako iko mbele ya kichwa, Mwalimu," alisema. Hakusema kwa dharau. Makur alibonyeza kondoo watatu, na amelitangaza jambo hilo barabara nzima.

Kisha akaketi mzee aitwaye Aukot, mchungaji aliyeleta mbuzi kuuza akasikia kwamba humu ndani kuna soda. Alibonyeza vizuri kwa dakika mbili. Halafu akaweka mikono mapajani.

Niliutambua mkao ule. 

Yar akainama. "Mzee, hiyo ni mbuzi. Unaona?"

"Naona."

"Sasa mbona hufinyi?"

Aukot alimtazama kama mtu anayetazama mtoto wa watu wengine. "Huyu ameshapita."

"Amepita wapi?"

"Amepita. Huyu mwenye baka kwenye jicho alipita zamani. Huyu wa pembe moja amepita mara nne. Unataka nimpitishe tena? Unaiba mbuzi au unaingiza mbuzi?"

Aliendelea kueleza. Jioni mbuzi wanapoingia zizini mtu hukaa langoni, na hahesabu, maana si vizuri kuwahesabu. Anatazama nyuso. Kila uso ukipita, anauachilia moyoni. Asiyepita ndiye anayetafutwa. Uso uliokwisha kupita ukitokea tena, huo si mbuzi mwingine, ni mbuzi aliyekwisha kuingia, na anayemgusa mara ya pili amelala. Picha za Yar zilikuwa mia tatu, lakini mbuzi ndani yake, kwa nyuso alizotutajia Aukot moja moja, walikuwa ishirini na watatu. Yar akafungua faili yake akatazama. Walikuwa ishirini na wanne.

"Mmoja nimemkosa," Aukot alisema, na ikamsikitisha.

Yar aliketi juu ya benchi. Nami niliketi. Abei alichunga mbuzi wa baba yake tangu akiwa mdogo mpaka siku nilipomwoa. Aliwashika moyoni mbuzi ishirini na wanne wa picha, mmoja baada ya mwingine, miezi sita baada ya kiharusi, huku mumewe akimfokea kwa nyuma. Mimi nilipelekwa shule ya bweni. Sikuwahi kukaa langoni jioni hata moja. Niliposema mbele ya watu watano kwamba amekwisha, alikuwa anafanya kazi ngumu kuliko ile aliyoagizwa.

"Kwa hivyo ile kipimo ya Mama haina maana," Yar alisema. "Ya kwanza haina maana, so ya mwisho pia siwezi linganisha na kitu. Hakuna karatasi itakuambia kama amepona, Mwalimu. Pole."

"Lakini jiko liliungua kweli," nilisema.

"Jiko iliungua kweli."

Nilimwomba amfikishie Abei maneno yangu. Alitikisa kichwa. "Mambo ya kuomba msamaha siwezi beba. Hiyo haiko kwa protokali."

Nimefikiri juu ya msichana huyu. Ameendesha gari kwa muda wa saa tatu kwenye matope ili aambiwe na mzee wa mbuzi kwamba kazi yake ya miezi ina kasoro, na jambo la kwanza alilofanya ni kuiandika kasoro hiyo katika daftari, akaweka tarehe. Kiswahili chake bado kinaniumiza. Ningempa alama za juu kwa mengine yote.

25 Aprili

Nilimsimulia Nakaale habari ya mbuzi. Alisikiliza. "Baba, hiyo ni nzuri," alisema. "Lakini kilichoungua si kipimo. Mama alichoma jiko." Alikuwa akitandika kile kitanda.

Alisema kweli, na ndiyo maana nilikasirika.

29 Aprili

Mvua.

30 Aprili

Mvua. Niliandika barua kwa Abei, kurasa tatu. Nikakumbuka kwamba atasomewa na Adome—la, Adome hasomi. Atasomewa na jirani. Nimeichana.

1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Hakuna kikao. Pasaka na leo zimechukua siku tatu kwa jumla, kwa hiyo nitafufuka tarehe 14 na si tarehe 9. Makur anasema wengine walihitaji siku tatu tu.

9 Mei

Yar amepiga. Vikao ishirini na saba. Nilimwuliza anavyomwona.  "Naona anatulia. Lakini mimi pia nataka kuona, Mwalimu. So usinisikize."

Nilimwuliza pia kama Abei husema lolote kunihusu. Alisema hajasema kitu.

14 Mei

Kikao cha thelathini kimekwisha. Laga ya kwanza kwenye barabara ya Lodwar imejaa; magari yamesimama pande zote mbili. Nilikaa ukingoni kutwa nikiangalia maji. Sijawahi kuyachukia maji katika nchi hii kabla ya leo.

15 Mei

Bado maji.

Lodwar, 16 Mei, Ijumaa

Tulivuka alfajiri. Nakaale alikuja nami, akiwa na begi kubwa tupu la nguo za mama yake. Hakulificha. Njiani alisema, "Nikimkuta sawa, narudi nalo hivihivi. Lakini sitaki kuambiwa. Nataka kuona."

Tulifika saa sita mchana. Adome alikuwa nje ya uzio juu ya kigoda chake. Amemjengea dada yake jiko jipya, la mikoma, lililo mbali na nyumba na mbali na jirani. Lina upande mmoja wazi, na Abei alikuwamo, ametupa mgongo, anasonga ugali. Shingo yake ilikuwa na shanga tu. Sikuwahi kuiona hivyo. Mahali pa pete palikuwa na mstari mweupe.

Adome aliniashiria nisimame penye mlango wa uzio. Nilisimama.

"Hodi," nilisema.

Alisikia. Niliona bega likiinuka. Mwiko haukusimama.

Nilingoja. Jua lilikuwa utosini. Mbuzi wawili waligombana nyuma ya nyumba, mmoja akalia kwa sauti kali, na mwili wa Abei ukageukia upande ule, mguu wa kulia ukatoka nje ya jiko. Nakaale alinishika mkono. Abei alisimama hivyo, mguu mmoja nje, mmoja ndani, kama mtu aliyeitwa na watu wawili. Kisha akaurudisha ule mguu ndani na kuushika mwiko kwa mikono miwili.

"Hodi," nilisema tena.

"Mama!" Nakaale aliita, hakuweza kujizuia. "Mama, ni sisi!"

Hakugeuka. Aliendelea kusonga. Simu ilikuwa ikilia mahali fulani ndani ya nyumba, ikalia mpaka ikachoka. Niliita hodi ya tatu, na nadhani niliiita kwa hasira, maana nilikuwa nimesafiri kwenye matope tangu alfajiri na nilikuwa na maneno niliyoyabeba kwa majuma matatu. Sikujua kama hanijibu kwa sababu ya ugali au kwa sababu yangu. Ningefanya nini kama ni kwa sababu yangu? Adome alikuwa anatazama vidole vyake.

Nilifungua mdomo kuita mara ya nne. Niliufunga. Ilikuwa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia.

Akaipua sufuria na kuifunika kwa sahani. Akachomoa kuni moja moja, akazizika ncha zake mchangani, akamwagia makaa maji kutoka kwenye kibuyu, akayatazama mpaka moshi ukaisha, akamwagia tena. Akafuta mikono. Ndipo akatoka, akaja mpaka hatua mbili kutoka niliposimama.

"Nani?" alisema.

"Ni Ereng. Nimekuja kusema kwamba siku ile ya mbuzi wewe uliona na mimi sikuona. Nilisema mbele ya watu watano. Nitawatafuta wote watano."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu. Mbuzi alilia tena, naye hakugeuka.

"Anza na fundi wa jenereta," alisema. "Yule huongea sana."

Kisha akasema karibu.

Sijui kama ni sumaku. Yar hajui. Bahasha itafunguliwa Septemba na huenda isituambie lolote. Nakaale amerudi Kakuma jioni hii na begi lake tupu. Alimkumbatia mama yake, akaniambia mimi kwamba atakuja kila mwisho wa mwezi kutazama, na nikamwambia aje. Mhunzi atafika kesho asubuhi. Abei amesema kwamba mpaka hapo mimi bado ni mgeni, na mgeni hulala nje, pamoja na Adome.